Kinga Iliyobaki Chini ya Kitanda

Alhamisi, alasiri. Mbumbuni.

Asubuhi ilikuwa na ukungu, pamoja na ile baridi ya mwezi wa saba inayowafanya hata kuku wasite mlangoni. Sasa jua limejitokeza kwa unyonge. Nimeketi barazani, simu mkononi, na chai niliyoimimina tangu saa saba imefanya utando juu yake. Sina hamu ya kuinywa wala ya kuimwaga.

Leo kamati ya mradi wa maji imelifuta jina la mkwe wangu, Mutinda, katika orodha ya mafundi wake. Sababu iliyoandikwa ni moja tu: uzembe. Mimi ndiye niliyekwenda kumtetea. Nilikwenda na barua ya kurasa nne, aya kumi na nne, isiyo na neno hata moja lililokatwa, na nimerudi nyumbani nikiwa nimemwangamiza.

Niyaweke mambo katika utaratibu wake, kwa maana sijazoea kulalamika ovyo.

Mimi ni mjane. Shule niliiacha darasa la saba. Kiswahili hiki nimejifundisha mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada na kwa taarifa za habari za redioni, nikiandika maneno mapya nyuma ya kalenda. Kwa miaka mingi nimewaandikia watu wa hapa barua za malalamiko: mpaka wa shamba uliosogezwa, mtoto aliyefukuzwa shule bila kosa, mbuzi aliyegongwa na gari la mtu mkubwa. Sokoni wananiita Mama Barua. Wengine hulitamka jina hilo kwa heshima, wengine kwa kejeli. Mimi huitika sawasawa. Sijawahi kupeleka barua yenye kosa. Hilo nilihesabu kuwa ndilo tendo langu jema duniani.

Mutinda amemwoa binti yangu Mwikali. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache na milango mingi. Karibu kila lango la bati unaloliona ukishuka kuelekea sokoni ni kazi ya mikono yake. Baina yangu naye kuna kile ambacho Kikamba hukiita nthoni, yaani haya na heshima iliyopo kati ya mama mkwe na mume wa bintiye. Wapo wanaosema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Sisi wawili tumeyashika. Hatupeani mikono. Hali chakula mbele yangu. Tukikutana njiani, mmoja humpisha mwenzake, na salamu hupita kwa mbali kana kwamba inavuka mto. Chumba changu cha kulala hajui hata mlango wake unafungukia upande gani. Akiwa na haja nami humtuma Mwikali, na haja yenyewe hufika ikiwa imevikwa nguo nyingi, isije ikaonekana kuwa dai.

Sasa nije kwenye mashine.

Marehemu mume wangu aliacha grinda ndogo, ile ya mkono ya kukatia na kusugulia chuma. Alipokufa niliisafisha kwa mafuta ya taa. Nikafungua kinga yake, kile kipande cha chuma kinachozunguka nusu ya diski ili vipande visimrukie mwenye kuishika. Nikafungua pia mshikio wa pembeni, ambao ni wa mkono wa pili. Vyote viwili vilikuwa bado vinang'aa. Nikavifunga katika kitambaa, nikavirudisha ndani ya sanduku lake la kadibodi pamoja na spana na kijitabu cha maelezo, nikalisukuma sanduku chini ya kitanda. Mashine yenyewe ilibaki stoo. Niliona kwamba mashine ni ya kufanyia kazi, bali vile vingine ni vya kutunzwa, kama mtu anavyotunza cheti cha ndoa.

Hapa kwetu tunafanya hivyo. Kiti kipya hubaki na nailoni yake mpaka ichanike yenyewe. Redio hubaki na kibandiko cha dukani hadi herufi zifutike. Kitu kizima, machoni petu, ni kile ambacho bado hakijagusa kazi. Majirani wote walioazima grinda ile kwangu waliazima mashine tupu, wakairudisha, wakashukuru, na mimi nikajisifu kwamba kwangu hakuna kitu kinachopotea.

Kijitabu nilikisoma. Huenda mimi ndiye mtu pekee kati ya hapa na Malili aliyewahi kukisoma kijitabu cha grinda hadi ukurasa wa mwisho. Kilikuwa cha Kiingereza, nami nilikitafsiri kwa kalamu katika daftari, polepole, kwa sababu kilinipa maneno. Sehemu ya brashi ya waya, ile inayofungwa mahali pa diski ili kusugulia kutu, ndiyo iliyonipendeza zaidi. Daftari liko hapa magotini sasa hivi. Niliandika kwamba kinga isiondolewe kamwe, na kwamba mashine ishikwe kwa mikono miwili. Niliandika kwamba kasi iliyochapwa kwenye brashi isiwe ndogo kuliko kasi ya mashine. Kwamba kabla ya kuanza kazi brashi iachwe izunguke bure kwa muda wa dakika moja, mtumiaji akiwa amesimama kando na watu wengine wakiwa mbali, ili nyuzi zilizolegea ziruke bila kumdhuru mtu. Niliandika kwamba isikandamizwe, kwa maana ni ncha za waya zinazosugua, na waya ukikandamizwa hukatika. Miwani ya kazi iliyoziba pande zote, na juu yake ngao ya uso. Kisha sentensi hii: "Nyuzi hizo zaweza kupenya nguo nyepesi na ngozi."

Mwanzoni nilikuwa nimeandika "kuingia". Nikalifuta, nikaandika "kupenya", na nikafurahi siku nzima.

Wiki sita zilizopita kamati ilimpa Mutinda kazi ya kusugua kutu kwenye mnara wa tangi la maji kisha kuupaka rangi. Mashine yake ilikuwa imeungua. Akamtuma Mwikali kwangu, nami nikaitoa ile ya marehemu stoo, nikaitia katika gunia la unga, nikampa.

Alasiri hiyohiyo Mwikali alirudi. Alisimama pale kwenye kamba ya nguo, akasema, "Mama, Mutinda anasema asante sana. Anauliza tu kama kuna kitu ingine huwa inaenda na hiyo mashine."

Nilielewa.

Fundi wa miaka ishirini haulizi swali kama hilo kwa kutojua. Aliiona mashine ikiwa uchi, na hangeweza kumwambia mama mkwe wake kwamba amempa kitu pungufu. Akaligeuza ombi likawa swali, na swali akalitia kinywani mwa mke wake, na hata hapo akatanguliza shukrani. Ni ombi lililoandikwa vizuri kuliko barua yangu yoyote. Mimi, ninayejua kila namna ambayo mnyonge hulizungushia ombi lake, nililisoma hadi ndani. Nilikuwa nachambua kunde. Sanduku lilikuwa chumba cha pili. Nikaufikiria ule mng'ao, nikaifikiria mikwaruzo.

Nikajibu, "Mwambie mashine ndiyo hiyo."

Mutinda hakutuma tena mtu. Kuuliza mara ya pili kungekuwa kunidai.

Najua kuna msomaji atakayeuliza kwa nini hakutafuta kinga kwingine, au hakuikataa kazi. Ni swali halali. Zaidi ya hayo, alivaa miwani ya jua ya sokoni badala ya ile ya kazi, na hilo ni kosa lake, sitalipunguza. Lakini sikufungua ukurasa huu leo ili kuyahesabu makosa ya Mutinda. Kamati imekwisha kuyahesabu.

Siku ya tatu alikuwa juu ya ngazi. Mkono mmoja ulishika nguzo ya mnara na mwingine ulishika grinda, kwa kuwa mashine haikuwa na mahali pa kushikwa na mkono wa pili. Brashi ikanasa kwenye ukingo wa chuma. Mashine ikaruka, ikamrudia usoni. Waya mmoja ukachomoka, ukapita chini ya miwani, ukaingia katika jicho lake la kulia.

Ukapenya.

Hospitalini waliutoa waya, lakini nuru haikurudi. Sijui kama kinga ingeuzuia waya ule. Daktari hajui, na mafundi niliowauliza hawakubaliani. Ninachokijua ni kwamba kinga haikupewa nafasi ya kujaribu, na kwamba mtu mwenye mikono miwili juu ya mashine humudu mruko ambao mkono mmoja hauumudu.

Baada ya ajali mwenyekiti wa kamati, Mzee Musyoka, alisikika akisema dukani kwamba Mutinda ni fundi mzembe. Hapa neno la Mzee Musyoka halikai dukani. Watu wawili waliokuwa wameagiza madirisha kwa Mutinda waliahirisha. Ndipo kamati ikaitisha kikao cha kuamua kama atarudishiwa kazi ya mnara au jina lake lifutwe. Mtu mwenye jicho moja anaweza kuchomelea chuma. Mtu aliyeitwa mzembe hapewi chuma.

Nikaandika. Hakuna aliyenituma. Niliandika kwa siku tano, na ninakiri kwamba niliona raha. Niliilaumu ngazi. Niliilaumu haraka ya kamati. Niliulaumu ubora wa brashi na dhamiri ya aliyeiuza. Katika aya ya tisa niliandika: "Aidha, Kamati yenu tukufu haikuchukua hatua yoyote ya kuhakikisha kwamba vifaa vya mfanyakazi huyu vilikuwa kamili."

Nilipoiandika sentensi hiyo sanduku lilikuwa chini yangu, kwa sababu niliiandikia kitandani.

Nilijiambia kwamba sentensi ni ya kweli. Na ni ya kweli.

Kikao kilikuwa leo saa nne, katika ofisi ya kamati, iliyojaa mabomba na mifuko ya simiti. Walikuwa wanakamati wanne. Mutinda alikuwa amewahi, ameketi benchi la ukutani, ubavu wake ukiwa upande wangu kama desturi inavyotaka. Jicho lililofungwa bandeji ndilo lililonielekea. Hata kama angetaka kuivunja nthoni na kunitazama, hangeniona.

Nilisoma barua yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza Mzee Musyoka alipiga meza kwa kiganja, kwa furaha ya kweli.

"Mama Barua, aki umesoma! Hata redio haina hiyo Kiswahili."

Wakacheka, nami, Mungu anisamehe, nikasikia joto la sifa mashavuni.

"Lakini mimi ni mtu ya kawaida," akaendelea, "nitauliza kitu moja tu. Hapa umesema vifaa haikuwa kamili. Ni nini haikuwa?"

Nikafungua kinywa. Maneno yote niliyoyaandika nyuma ya kalenda kwa miaka thelathini yalikuwepo. Nikasema kwamba suala hilo limeelezwa kwa upana katika barua.

"Si upana nataka," akasema. "Nataka hiyo kitu. Mashine niliiona mimi mwenyewe hapo chini ya tangi. Haikuwa na kava. Haikuwa na ile handeli ya kando. Sasa kava ilienda wapi?"

Mama Ndunge, mweka vitabu wa kamati, ambaye hajawahi kunipenda tangu nilipomwandikia jirani yake barua ya mpaka, akamgeukia mkwe wangu. "Mutinda, hata panga iko na ala yake. Wewe ulikuwa unakimbilia nini? Hiyo tangi ilikuwa inahama?"

Kicheko kingine. Mmoja wao akapenga kamasi kwa kucheka.

Kikafuata kimya, na katika kimya hicho kulikuwa na nafasi kubwa ya kutosha sentensi moja. Ilikuwa yangu. Niliihesabu baadaye njiani: ni maneno matano. Kava iko chini ya kitanda. Hayahitaji kamusi.

Mutinda akasema, akiitazama sakafu, "Niliitoa mimi. Ilikuwa inanisumbua kwa zile kona."

"Na handeli?"

"Hiyo pia. Si makosa ya mtu."

"Haya," akasema Mzee Musyoka, na furaha ikawa imemtoka usoni. "Ukitoa kava mwenyewe, hiyo si ajali. Hiyo ni uzembe. Sisi tutamwambia fundi mwingine wa Malili akuje Jumatatu amalizie." Mama Ndunge akachukua kalamu, akachora mstari kwenye daftari lake. Ni mstari mfupi. Nikaambiwa asante kwa barua, na kwamba wataiweka kwenye faili.

Nina hasira nao. Walicheka mbele ya mtu aliyepoteza jicho akiusugua mnara wao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepanda ngazi ile kuona kama imefungwa. Hayo yote niliyoyaandika katika aya ya tatu hadi ya saba ni haki, na nitayarudia nikiulizwa.

Nina hasira na Mutinda pia. Nani alimwomba? Amejitwisha kosa langu bila kunitazama, tena kwa sentensi nne fupi zisizo na pambo, mbele ya watu walionisikia nikisoma aya kumi na nne. Amenifanyia heshima ambayo sikuistahili, na desturi yetu hainipi njia ya kumrudishia. Siwezi kumwendea na kumwambia asante. Siwezi hata kumwambia mjinga wewe.

Nilirudi nyumbani peke yangu. Muda si mrefu Mwikali akaja, gunia la unga likiwa begani. Kamati ilikuwa imeihifadhi grinda tangu siku ya ajali, na leo wameiachilia. Akaiweka hapa barazani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mutinda anasema asante kwa barua," akasema. "Anasema ilikuwa nzuri sana."

Nilimtazama sana nione kama kuna kejeli ndani yake. Haikuwepo. Akaenda kuwachotea ng'ombe maji, na mimi nikabaki na gunia.

Kuna jambo ambalo nimelikwepa tangu mwanzo wa maandishi haya, kwa hiyo niliandike. Sikunyamaza kwa sababu ya nthoni. Nthoni ingenizuia kumwambia Mutinda. Haikunizuia kumwambia Mzee Musyoka. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimetoka kusifiwa. Nilikuwa nimesimama na karatasi nne safi mkononi, na nilitaka zibaki safi kwa dakika moja zaidi.

Kesho ni Ijumaa. Kabla ya huyo fundi wa Malili hajafunga zana zake, nitakwenda kwa Mzee Musyoka nikiwa na mashine hii na sanduku lake, nami sitakuwa na karatasi. Nitamwonyesha kwamba kinga hii haina hata mkwaruzo mmoja, na kwamba kitu kilichotolewa na fundi mnarani hakiwezi kung'aa hivi. Nitayasema yale maneno matano. Mama Ndunge akicheka, na acheke. Akikataa kuandika upya lile jina, nitarudi Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada nitayasema mbele ya kanisa zima. Jicho siwezi kulirudisha. Jina laweza kurudi, kwa kuwa jina lilipotezwa na mdomo wangu uliofungwa.

Kisha nitakwenda karakanani kwa Mutinda. Sitaingia, nitasimama nje, mbali kama desturi inavyotaka. Ila nitasimama upande wa jicho lake zima, ili aone ni nani amekuja na amebeba nini. Nitasema nini? Miaka thelathini ya maneno, na hapo sijui.

Nimeshaingia chumbani, nikainama, nikalivuta lile sanduku. Kitambaa kilikuwa bado kinanuka mafuta ya taa. Nimeifungua brashi, ambayo upande mmoja ina pengo kama mdomo wa mzee, nikaitupa shimoni mtoto asije akaiokota. Nimeivalisha mashine kinga yake, nikakaza skrubu. Nimeupachika mshikio wa pembeni, nikauzungusha hadi ukagoma.

Niliitazama saa ya simu kabla na baada. Kazi yote hiyo imechukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kuandika anwani na tarehe juu ya barua.